Pua Iliyovunjika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pua ndiyo inayotangulia uso. Ukianguka kifudifudi, ukigongana vichwa na mwenzako uwanjani, ukivaana na mlango wa kioo uliodhani uko wazi, inayofika kwanza ni pua. Ndiyo maana mifupa yake huvunjika mara nyingi kuliko mifupa mingine yote ya uso. Maswali ya hapa chini ni yale ambayo watu huuliza wakiwa bado wameshika kitambaa chenye damu, pamoja na yale yanayokuja wiki moja baadaye mbele ya kioo. Lipo moja, la damu inayojikusanya ndani ya ukuta wa pua, ambalo nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi. Ukiwa na muda wa kusoma moja tu, soma hilo.

Nitajuaje kama pua imevunjika kweli au imeumia tu?

Siku ya kwanza hata daktari mzoefu huweza kushindwa kusema, maana uvimbe hufunika kila kitu. Maumivu, damu, uvimbe unaojaa ndani ya saa chache, macho kuvia damu, pua kuziba: yote hayo huweza kumpata mtu aliyepigwa puani bila mfupa kuvunjika. Yanayoelekeza kwenye mfupa ni mengine. Pua imeenda upande. Mwanzi wa pua umebonyea, au umeota nundu ambayo jana haikuwapo. Kuna sehemu moja ndogo ambayo ukiigusa kwa ncha ya kidole unaruka, huku pembeni yake maumivu ni ya kuvumilika. Au unahisi kitu kikisuguana ndani, kama changarawe kwenye mfuko. Ukishahisi mara moja inatosha. Usirudie kuitafuta, wala usimruhusu kila anayekuja kukupa pole naye aguse.

Inasaidia kujua pua imejengwaje. Theluthi ya juu, pale miwani inapokaa, ni mifupa miwili midogo iliyokutana katikati. Juu kabisa ni minene, ila ikishuka inazidi kuwa myembamba, na hapo pembamba ndipo inapovunjikia mara nyingi. Sehemu yote iliyobaki chini ni gegedu, kitu kile kile kinachoifanya sikio ipinde na kurudi. Gegedu nalo huvunjika na huteguka, lakini halionekani kwenye eksirei. Ndiyo sababu mtu anaweza kuambiwa mfupa wake ni mzima na bado asipate hewa upande mmoja.

Kabla hujaamua kwamba pua imepinda, tafuta picha yako ya zamani iliyopigwa uso kwa uso, hata ile ya kitambulisho. Wenye pua iliyonyooka kabisa ni wachache, na wengi huligundua hilo siku wanapoanza kujikagua baada ya kuumia. Nenda na picha hiyo kwa daktari. Itamsaidia kuliko maelezo yako.

Damu inatoka sasa hivi. Nifanye nini?

Keti. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesoma kitabu kilicho mapajani. Bana sehemu laini ya pua, ile iliyo chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada, na upumue kwa mdomo. Kaa hivyo dakika 10 hadi 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Wengi huachia kila baada ya nusu dakika wachungulie kama imeacha. Kila wakichungulia, donge changa la damu linang'oka na kazi inaanza upya. Damu iliyofika mdomoni iteme.

Kosa la pili ni kurudisha kichwa nyuma. Utamwona mtu ameegemea ukuta, uso umeelekea dari, kitambaa cha maji kimewekwa kwenye paji, na waliomzunguka wanafurahi kuwa damu imekatika. Haijakatika, imebadili njia tu. Inashuka kooni, inaingia tumboni, na baada ya nusu saa anatapika matapishi meusi yenye mabonge. Hapo sasa kila mtu anadhani ameumia ndani.

Damu ikishatulia, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, upumzike, kisha urudie mara kadhaa kwa siku katika siku mbili za mwanzo. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, na usiigandamize. Iegemeze tu pembeni mwa pua na chini ya macho.

Ukishabana mara mbili, dakika 15 kila mara, na damu bado inatiririka, nenda hospitali. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asingoje hiyo mara ya pili.

Damu imeacha, ila pua imeziba kabisa na inazidi kuuma. Si ni uvimbe tu?

Huenda. Lakini hapa ndipo pua huharibika bila mtu kujua, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Ukuta unaogawa matundu mawili ya pua ni bamba la gegedu lililovikwa utando kila upande. Gegedu hilo halina mishipa yake ya damu; linaishi kwa kulishwa na utando ule. Pigo likiwa kali, mishipa midogo ya utando hupasuka na damu hujipenyeza katikati, ikaubandua utando kutoka kwenye gegedu, kama rangi inavyobanduka ukutani maji yakiingia nyuma yake. Kwa nje huoni damu yoyote. Unachohisi ni pua iliyojaa, mara nyingi pande zote mbili, na maumivu ya kupwita yasiyolingana na jeraha unaloliona kwenye kioo.

Gegedu sasa limekatiwa chakula. Ndani ya siku moja hadi tatu linaweza kuanza kufa. Isitoshe, damu iliyotuama ni mahali pazuri pa bakteria kuzaliana, na ikishageuka jipu uharibifu unakwenda kasi zaidi. Ukuta ukioza, mwanzi wa pua hukosa nguzo na hudidimia katikati kama tandiko la farasi. Wengine hubaki na tundu ukutani linalounganisha pande mbili za pua. Tena, mishipa inayorudisha damu kutoka eneo hili ina njia ya kuingia ndani ya fuvu, na maambukizi huweza kuifuata.

Namna ya kuangalia ni hii. Mwombe mtu aketi mbele yako na tochi ya simu. Inua ncha ya pua yako taratibu kwa kidole gumba, naye amulike ndani, tundu moja kisha la pili. Ukuta wa kati wa kawaida ni wa rangi ya waridi, mwembamba, na ukiguswa ni mgumu. Ukuta wenye damu ndani umetuna kama puto dogo, mwekundu uliokolea au wa zambarau, na ukiguswa kwa kijiti cha pamba hubonyea. Ukiona hivyo, au usipoona vizuri lakini pua imeziba na kupwita, nenda ukaonwe leo hii hii. Jicho la nyumbani lisikupe uhakika wa kutokwenda. Kazi yake ni kukuharakisha tu.

Matibabu yenyewe si makubwa. Daktari anatia ganzi, anachana utando kidogo, damu inatoka, panasafishwa, kisha anaweka shashi au bamba laini ili utando urudi kushikana na gegedu. Kwa kawaida utapewa antibiotiki, na utaitwa tena ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa damu huweza kujaa upya.

Mambo mawili watu huyasahau. Kwanza, hali hii huweza kutokea hata kama mfupa haukuvunjika, hivyo kuambiwa "hujavunjika" hakujamaliza habari. Muulize anayekupima, kwa maneno hayo hayo: umeangalia ukuta wa kati pande zote mbili? Pili, donge hilo la damu ndani ya ukuta huweza kujitokeza saa kadhaa au siku moja mbili baada ya pigo. Kwa hiyo angalia tena kesho, na kesho kutwa. Maumivu yaliyokuwa yakipungua yakigeuka kuongezeka, au homa ikiingia, rudi.

Puani mwangu yanatoka maji, si kamasi. Ni kitu gani?

Kama ni maji yasiyo na rangi, mepesi, yanatoka tundu moja tu, yanaongezeka ukiinama, na yakifika mdomoni yana ladha ya chumvi, huenda ni maji ya ubongo. Juu ya pua, sakafu ya fuvu ni mfupa mwembamba sana, na pigo zito huweza kuupasua. Hii ni ya hospitali moja kwa moja. Usipenge, usizibe tundu kwa pamba, usivute maji hayo ndani. Yaache yatiririke kwenye kitambaa safi. Hospitali inaweza kuyapima na kusema ni kamasi au la. Hatari yenyewe ni wadudu kupita njia hiyo hiyo kwenda juu na kuleta homa ya uti wa mgongo.

Ni dalili gani nyingine za kunikimbiza hospitali?

Zile zinazoonyesha kwamba kilichoumia si pua peke yake. Ulipoteza fahamu hata kidogo, unatapika, umechanganyikiwa, kichwa kinauma zaidi na zaidi, au unasinzia isivyo kawaida. Shingo inauma, au mikono ina ganzi: hapo usimtikise mtu wala kumgeuza mpaka wanaojua wafike. Unaona vitu viwili viwili, au jicho haliendi upande fulani. Shavu au mdomo wa juu una ganzi. Meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani. Nafasi kati ya macho mawili imepanuka, au jicho moja linatoka machozi bila kukoma. Na bila shaka, kushindwa kupumua.

Ngozi iliyochanika juu ya mfupa uliovunjika nayo haingoji. Huoshwa, hushonwa ikibidi, na utaulizwa chanjo yako ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini.

Macho yote mawili yamekuwa meusi, na sikupigwa machoni. Kwa nini?

Ngozi ya kope ni nyembamba na chini yake pana nafasi, kwa hiyo damu iliyomwagika kwenye mwanzi wa pua huteremka na kujikusanya pale. Mara nyingi asubuhi ya pili ndipo uso unapotisha zaidi, hata kama wewe mwenyewe unajisikia nafuu. Rangi itapita kwenye zambarau, kijani na manjano, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili hivi. Tatizo ni pale macho meusi yanapoambatana na yale maji niliyoyataja, au na dalili za kichwa. Hapo huenda ni fuvu.

Nikapigwe eksirei?

Watu wengi huihesabu eksirei kuwa ndiyo matibabu, na wasipopigwa hujiona wamedharauliwa. Ukweli ni kwamba kwa pua iliyovunjika bila jeraha jingine, picha haibadilishi kitu. Gegedu halionekani. Viungio vya kawaida vya mifupa huweza kufanana na ufa. Ufa wa zamani, wa ulipokuwa mtoto, huweza kuonekana kama wa jana. Na hata ufa ukiwepo kweli, kama pua imenyooka na unapumua vizuri, hakuna cha kufanya juu yake. Uamuzi hutoka kwenye macho na vidole vya daktari. Akishuku mifupa ya shavu, tundu la jicho au fuvu, ataagiza picha ya CT, na hapo usikatae.

Naweza kuinyoosha mwenyewe?

Usijaribu. Najua inafanywa: mchezaji anashikwa na mwenzake, mmoja anahesabu hadi tatu. Mara chache pua hurudi, na hizo ndizo zinazosimuliwa. Zisizosimuliwa ni zile ambazo kipande kilichokuwa kimelala vizuri kilisukumwa ndani, damu ikaanza upya, au ukuta wa kati ukavunjika kwa mkono wa rafiki baada ya kunusurika pigo lenyewe. Hujui kipande kimeelekea wapi, na bila ganzi misuli na maumivu vyote vinakupinga.

Kama inahitaji kunyooshwa, nina muda gani?

Ikiwa hakuna damu ndani ya ukuta na hakuna dalili za hatari, kunyoosha si jambo la usiku huo. Uvimbe ukiwa umejaa, hakuna anayeweza kuona pua ilivyo. Utaratibu wa kawaida ni kuonwa siku ya kwanza ili kuhakikisha ukuta ni mzima, kisha kurudi baada ya siku 3 hadi 5, uvimbe ukiwa umeshuka, ndipo iamuliwe. Kwa mtu mzima, mifupa hurudishwa vizuri ndani ya siku 7 hadi 14 tangu pigo. Kwa mtoto huunga haraka zaidi, hivyo ni vyema iwe ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo ukiambiwa "uje baada ya siku nne", hujafukuzwa. Wanaopoteza nafasi ni wale wanaosema wataenda uvimbe ukiisha wote, wakafika siku ya 20 na mfupa umeshaunga ulivyo.

Kunyooshwa kukoje? Inauma?

Hufanywa kwa sindano ya ganzi au kwa dawa ya usingizi, kutegemea umri wako na jinsi mfupa ulivyokaa. Daktari huingiza chuma chembamba bapa ndani ya tundu, akainua kipande kilichozama, huku vidole vya mkono wa pili vikikiongoza kwa nje. Mara nyingi husikika mlio mdogo kipande kikirudi mahali pake. Zoezi lenyewe huchukua dakika chache. Maandalizi ndiyo marefu. Ukitiwa ganzi tu, utahisi kusukumwa na kugandamizwa kuliko maumivu makali, ingawa zile sindano za mwanzo si za kuchekesha.

Baadaye utawekewa banzi juu ya pua, la plasta au la bati laini, kwa wiki moja hivi. Ndani huenda ikawekwa shashi kwa siku chache, na hiyo ndiyo wengi huilalamikia kuliko yote: unalala mdomo wazi na unaamka koo limekauka. Weka maji karibu na kitanda. Wazo lenyewe si geni. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale, ya mnamo mwaka 1600 KK, yanaelekeza pua iliyovunjika isafishwe ndani kwa kitani, itiwe vizibo vya kitani vilivyolowekwa mafuta, na ishikwe kwa nje na mikunjo migumu ya kitani. Banzi na shashi ni hayo hayo.

Jambo ambalo ni afadhali ulijue mapema: kunyooshwa huku hakurudishi pua kuwa ile ya kwenye picha kila mara. Wengi huridhika, lakini wapo wanaobaki na nundu ndogo au upande mmoja mwembamba, hasa kama ukuta wa kati nao ulivunjika.

Wiki mbili zimeshapita. Nimechelewa?

Umechelewa kwa njia rahisi, hujachelewa kwa zote. Mfupa ukishaunga, kilichobaki ni upasuaji wa kurekebisha pua na ukuta wake, na huo kwa kawaida hungojwa miezi 3 hadi 6 au zaidi ili makovu ya ndani yalainike na uvimbe uishe kabisa. Tumia muda huo kujiuliza kinachokusumbua ni nini hasa. Hewa haipiti? Au ni sura tu? Daktari wa masikio, pua na koo atakuuliza hivyo hivyo, na jibu lako ndilo linaloamua upasuaji gani.

Je, ni lazima nitibiwe? Babu yangu alivunjika na hakwenda popote.

Kama pua imenyooka, inapitisha hewa na ukuta ni mzima, basi babu hakukosea. Pua nyingi zilizovunjika hupona zenyewe kwa barafu, dawa ya maumivu na subira. Usikose tu ile safari ya kwanza ya kuangaliwa ndani.

Ninywe dawa gani?

Parasetamoli hutosha wengi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Aspirini iache, maana huzidisha damu kutoka. Ila kama umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiikatishe bila kumuuliza aliyekuandikia. Ibuprofeni nayo wengi hushauri iachwe mpaka damu iwe imetulia kabisa. Dawa za kupuliza za kufungua pua husaidia usiku, lakini zisizidi siku tatu hivi. Ukizizoea, pua inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Maji ya chumvi ya matone hayana shida hiyo, na hulainisha magamba ya damu yanayokaukia ndani. Magamba hayo usiyachokonoe. Antibiotiki si za kila pua iliyovunjika.

Nilale vipi? Naruhusiwa kupenga? Na miwani?

Lala chali kichwa kikiwa juu, mto mmoja zaidi ya kawaida, kwa siku chache za mwanzo; uvimbe wa asubuhi utapungua. Kupenga kamasi acha kwa wiki mbili hivi. Chafya ikija, ifungulie mdomo, usiibane. Ukiibana, nguvu yote inakwenda puani, na wapo waliorudi na damu upya kwa chafya moja.

Miwani ni kero ya kweli, hasa kwa asiyeona bila hiyo. Uzito wake hukaa pale pale palipovunjika. Mpaka mfupa ushike, tumia lenzi za machoni kama unazo, au ifunge miwani kwa utepe ining'inie kwenye paji la uso. Utachekwa, lakini mwanzi hautabonyea. Ukiwa na banzi, miwani huweza kukaa juu ya banzi.

Mtoto wangu ameanguka na pua imevimba. Ni tofauti na mtu mzima?

Ndiyo, kwa njia mbili zinazovutana. Pua ya mtoto sehemu kubwa ni gegedu, kwa hiyo hupinda na kurudi bila kuvunjika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, damu kujikusanya ndani ya ukuta ni hatari zaidi kwake. Ukuta huo ndio unaoisukuma pua ikue, na ukiharibika akiwa na miaka mitano, matokeo yanaonekana vizuri akifika kumi na tano, pua na sehemu ya katikati ya uso zikiwa zimebaki nyuma.

Mtoto mdogo hatakuambia pua inapwita. Utamwona anapumua mdomo wazi, anakoroma usiku ambapo hakuwa akikoroma, anakataa chakula kwa kuwa hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja, anasukuma mkono wako ukikaribia uso. Mtoto wa hivyo apelekwe siku hiyo hiyo, na aangaliwe tena baada ya siku moja au mbili hata kama mara ya kwanza hapakuonekana kitu. Usishangae pia wahudumu wakikuuliza zaidi ya mara moja alivyoumia. Huuliza kila mzazi, kwa kuwa pua ya mtoto mdogo sana huvunjika kwa nadra na lazima wajue imetokeaje.

Nitarudi lini michezoni?

Kutembea na kazi nyepesi, baada ya siku chache. Kunyanyua vyuma na kukimbia kwa nguvu, ngoja wiki mbili hivi, maana presha ya damu ikipanda pua inaanza tena kutoka damu. Michezo ya kugongana, kama mpira wa miguu, mpira wa kikapu na ngumi, ngoja angalau wiki 6; ngumi zaidi ya hapo.

Hapa ndipo mtu hunikumbusha Kylian Mbappé, mwanasoka wa Ufaransa. Alivunjika pua tarehe 17 Juni 2024, Ufaransa ilipocheza na Austria kwenye Euro. Akakosa mchezo uliofuata, na tarehe 25 Juni alirudi akiwa na barakoa dhidi ya Poland na kufunga penalti. Siku nane. Ni kweli, lakini yeye alikuwa na madaktari wa timu pembeni na barakoa iliyotengenezwa kwa umbo la uso wake, inayopeleka nguvu ya pigo kwenye paji na mashavu. Na hata hivyo alilalamika kwamba inamzuia kuona vizuri. Barakoa hupunguza hatari ya pigo la pili, haiharakishi mfupa kuunga. Ukiwa na mechi ya Jumapili na marafiki, kaa nje.

Siwezi kunusa tena. Harufu itarudi?

Mara nyingi, ndiyo. Harufu haifiki juu kwa sababu njia imevimba. Uvimbe ukishuka, tatizo nalo linaisha. Ila pigo zito huweza kukata nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu zinazopita kwenye vitundu vya mfupa ulio juu ya pua. Hiyo hurudi polepole, wakati mwingine nusu nusu, wakati mwingine hairudi. Kama baada ya wiki kadhaa unapumua vizuri na bado husikii hata harufu ya kitu kinachoungua, mwambie daktari. Kwa sasa, nyumbani muwe na mtu mwingine wa kunusa moshi na gesi.

Ni miezi mitatu sasa, na ncha ya pua bado ina ganzi na asubuhi huvimba kidogo. Kuna tatizo?

Kwa kawaida hakuna. Mfupa hushika ndani ya wiki 3 hadi 6, lakini ngozi na mishipa midogo ya fahamu huchukua muda wake, na uvimbe mdogo huweza kuja na kuondoka kwa miezi. Rudi ukaonwe kama upande mmoja haupitishi hewa, ukisikia mluzi ndani ya pua kila ukivuta pumzi, kwani huenda ukuta umetoboka, au ukiona mwanzi wa pua unazidi kudidimia ukilinganisha na ile picha ya kitambulisho.